Kijana Anayevuta Kole: Maneno kwa Wazazi Wake

Ninyi wazazi, leo maneno yetu si juu ya mutoto anyonyaye, wala si juu ya minyoo ama malaria. Ni juu ya mutoto ambaye amekwisha kukomaa. Ana miaka 20, ama 25, ama 30. Labda ana muke, labda amezaa. Lakini muchana anaingia nyuma ya nyumba na chupa ndogo, anaiweka puani, anavuta hewa yake, kisha anarudi na macho mekundu na kicheko kisicho na sababu. Jirani wanajua. Wewe pia unajua, na umenyamaza kwa sababu ya haya.

Kole tunayosema ni ile gundi ya rangi ya asali ambayo fundi wa viatu anashikisha nayo soli. Wengine hawavuti kole, wanavuta esanse ya pikipiki, ama maji makali ya kupunguzia rangi. Majina ni mengi, lakini ndani ya mwili kazi yao ni karibu moja. Tukisema kole katika kurasa hizi, fahamu kwamba tunasema zote.

Watu wengi wa miji yetu wanafikiri kole ni ya watoto wa barabarani tu, wale wanaoitwa maibobo kule Goma na Bukavu, ama shege kule Kinshasa. Si hivyo. Kwanza, watoto wale wanakua. Aliyeanza akiwa na miaka 10, kwa kufukuza njaa na baridi ya usiku, leo ni mutu mukubwa, na kole bado iko naye. Tena kuna wale ambao hawakulala barabarani hata siku moja. Fikiri kijana anayejifunza kazi ya viatu. Anaketi kutwa katika kibanda cha mabati kisicho na dirisha, na kopo la kole liko wazi katikati ya magoti yake. Mwanzo harufu inamuumiza kichwa. Nyuma ya miezi michache anaona kwamba siku ya Mungu, wakati hafanyi kazi, anakasirika bure na mikono yake inatetemeka. Siku ile anaanza kuitafuta. Hakuna rafiki mubaya aliyemufundisha. Kazi ndiyo iliyomufundisha.

Tutasema namna ya kumusaidia. Lakini kuna neno moja ambalo lazima mulijue kwanza, hata kama hamutasoma mengine yote.

USIMUSHITUE

Baba anarudi nyumbani, anamukuta kijana na chupa puani. Hasira inapanda. Anashika fimbo, anapiga kelele. Kijana anaruka, anakimbia. Nyuma ya hatua 30 ama 50 anaanguka, na watu wakimufikia amekwisha kufa. Watu wa mutaa watasema baba amemulaani, ama kuna uchawi katika jamaa ile. Sivyo. Ni moyo.

Hewa ya kole inafanya moyo kuwa mwepesi wa kushituka. Na kila mutu akiogopa ama akikimbia, mwili wake unamwaga ndani ya damu dawa yake yenyewe, inayoitwa adrenalini, ya kumupa nguvu. Moyo wenye afya unaipokea vizuri. Moyo uliojaa hewa ya kole unaipokea vibaya: unaacha kupiga kwa taratibu, unatetemeka tu, na damu haiendi tena. Munganga mumoja wa Marekani, Millard Bass, aliandika juu ya jambo hili mwaka wa 1970. Alikusanya habari za vijana 110 wa inchi yake waliokufa kwa ghafula namna hii. Wengine wao walikuwa wamekimbia ama wamefanya kazi ya nguvu mara moja nyuma ya kuvuta. Jambo hili linaweza kumupata aliyevuta miaka mingi, na linaweza kumupata aliyevuta mara moja tu.

Kwa hiyo ukimukuta anavuta, simama pahali anapoweza kukuona. Sema naye kwa sauti ya chini, kama unavyosema na mutu aliyeamuka usingizini. Usimunyang'anye chupa kwa nguvu. Fungua mulango na dirisha. Zima moto na taa ya petroli, mutu yeyote asiwashe sigara, kwa maana hewa ile inashika moto mara moja, na hatari ya kuungua ni kubwa sana kwa wanaovuta esanse. Umwambie aketi inje kwenye hewa safi. Kisha ngoja. Ulevi wa kole ni mufupi, mara nyingi unapita ndani ya saa moja ama mbili. Maneno yako makali yatakuwako pia kesho asubuhi, na kesho asubuhi atayasikia, leo hayasikii.

Ukimukuta ameanguka na anapumua, umutoe inje, umulaze kwa ubavu ili matapishi yasimuzibe. Usimupe kitu cha kunywa. Tunajua watu wengi wanapenda kumimina maziwa katika kinywa cha mutu aliyepata sumu. Maziwa hayaondoi kole, yataingia katika mapafu. Kama amekunywa esanse, usimutapishe, maana ikipanda tena itashuka katika mapafu na kuyaunguza. Kama hapumui, weka mikono yako miwili katikati ya kifua chake, ukandamize kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hata 120 kwa dakika moja, na wengine watafute pikipiki ama gari. Mukifika hopitali, neno la kwanza mutakalosema ni hili: amevuta kole. Museme hivyo mbele ya sindano yoyote, kwa sababu kuna dawa za sindano ambazo moyo ule hauwezi kuzivumilia.

KOLE INAFANYA NINI NDANI YA MWILI

Umeona fundi wa viatu akipaka kole juu ya mupira wa zamani. Mupira unalainika, kwa sababu maji makali yaliyo ndani ya kole yanapenda mafuta na vitu vya namna ya mupira, yanaviyeyusha. Sasa, ubongo wa mutu una mafuta mengi. Mishipa mingi ya ubongo imevikwa ngozi ya mafuta, kama vile waya wa umeme unavyovikwa plastiki. Maji ya kole yanayoitwa tolueni yanapita kutoka mapafu hata ubongo ndani ya dakika chache, na kwa aliyevuta miaka mingi yanaharibu ngozi ile. Ndiyo sababu kijana wako anasahau ulilomwambia asubuhi. Ndiyo sababu anatembea na miguu imetanuka kama mutu aliye ndani ya mutumbwi. Husema kwa polepole, hukasirika kwa neno dogo, na wewe unafikiri anakuzarau. Mara nyingi si zarau.

Aina nyingi za kole zina kitu kingine, heksani. Hiki kinaumiza mishipa mirefu, ile inayofika katika vidole vya miguu na vya mikono. Mutu anaanza kusikia vidole vimekufa ganzi, kisha vifundo vya miguu vinalegea, kisha anakwama kwenye ngazi. Kule Japani, katika miaka ya 1960, watu waliokuwa wakishikisha viatu vya wazi kwa kole nyumbani mwao walilegea miguu namna hiyo, na hawakuwa walevi. Walikuwa wakifanya kazi tu, katika vyumba vilivyofungwa. Ninyi mafundi munaosoma maneno haya, ingawa hamuvuti kole kwa mapenzi yenu, toeni meza yenu kwenye upepo, na mufunike kopo kila mara.

Tolueni inaumiza mafigo pia. Mafigo yaliyoumizwa hivi yanamwaga katika mukojo chumvi moja ya damu inayoitwa potasiamu, ambayo nyama za mwili haziwezi kufanya kazi bila yenyewe. Kijana anaamuka asubuhi na hawezi kusimama, mikono haina nguvu, moyo unapiga vibaya. Jamaa wanasema amerogwa. Huyu aletwe hopitali siku ile ile. Mara nyingi, akipewa potasiamu na maji kwa kipimo, anasimama tena nyuma ya siku chache. Lakini usijaribu kumuponya nyumbani kwa ndizi. Potasiamu ikipungua namna hii, ndizi hazitoshi.

Kama ni binti yako anayevuta, na ana mimba, usingoje hata juma moja. Kole inapita kwa mama na kumufikia mutoto tumboni. Mutoto anaweza kuzaliwa na uzito mudogo na kichwa kidogo, na kuchelewa kujifunza.

HAKUNA SINDANO YA KUACHA

Wazazi wanakuja hopitali na neno moja: "Munganga, umupe sindano ya kumufanya achukie kole." Ingekuwako, tungeitoa kwa furaha. Haiko. Wala hakuna seromu ya kusafisha damu, ingawa kuna watu mutaani wanaouza chupa ya seromu kwa bei ya mbuzi wakisema inaosha kole yote. Mwili wenyewe unaitoa kole, kwa pumzi na kwa mukojo, bila mutu kulipa franka moja. Mali ile ulinde, utaihitaji kwa chakula chake.

Siku 5 ama 7 za kwanza ndizo ngumu. Hatalala. Atatoka jasho, kichwa kitamuuma, tumbo litachafuka, mikono itatetemeka, atakuwa mukali kama mutu mwenye jino bovu. Hii ni alama ya kwamba mwili unaiachilia kole, na kwa wengi inapita bila dawa. Muko naye wakati huo. Umupe uji kidogo kidogo, maharagi, samaki, matunda, maji mengi. Wanaovuta kole wanakonda kwa sababu kole inaua njaa. Njaa ikirudi, anaweza kula kama watu wawili, na umuache ale. Kama anaona vitu visivyokuwako, ama anapata kifafa, ama anasema anataka kujiua, pale umulete hopitali bila kungoja. Usimununulie vidonge vya usingizi sokoni. Vijana wengi waliacha kole wakashikwa na vidonge.

Nyuma ya juma lile wazazi wanafurahi, wanafikiri kazi imekwisha. Kumbe imeanza tu. Usingizi unaweza kusumbua kwa majuma mengi, na tamaa ya kole inarudi kwa vipindi, mara nyingi kwa saa ile ile aliyozoea kuvuta.

Sasa sikilizeni jambo moja ambalo limevunja nyumba nyingi. Tulisema juu ya miguu inayolegea kwa sababu ya heksani. Mutu akiacha kole leo, miguu haianzi kupona kesho. Inaweza kuzidi kulegea kwa majuma mengi, hata miezi 2 ama 3 nyuma ya kuacha, kisha ndipo inaanza kurudi polepole. Mushipa ulioumizwa unaendelea kufa kwa muda, ingawa sumu imekwisha kuondoka. Basi fikiri: kijana ameacha kweli. Anapigana na tamaa usiku na muchana. Na mama yake anamutazama akitembea, anaona anayumba kuliko mwezi uliopita, anasema, "Unanidanganya, unavuta kwa siri." Yule kijana atafanya nini? Atasema moyoni, kama wananihesabu mulevi nikiwa nimeacha, faida yangu ni nini? Na atarudi. Kwa hiyo miguu isiwe mushuhuda wako. Mushuhuda ni harufu ya kinywa na ya nguo, na vidonda vidogo kando ya mudomo na pua. Na chakula: anayevuta hali vizuri.

UKAE NAYE NAMNA GANI

Hapa ndipo kazi ya wazazi ilipo, na hapa hopitali haiwezi kuifanya kwa pahali penu.

Mutoto mudogo unaweza kumubeba. Huyu huwezi. Ni mutu mukubwa, anaweza kutoka wakati anapotaka. Wazazi wengine wanamufunga kwa kamba ama munyororo. Wengine wanamupeleka kwenye nyumba ambako wanamufunga na kumunyima chakula siku nyingi wakisema wanatoa roho mubaya. Ombeni kwa ajili yake, ni vizuri, lakini mutu aliyekonda kwa kole na ambaye mafigo yake yameumia anaweza kufa kwa kunyimwa chakula na maji. Na munyororo unamufundisha jambo moja tu, kukimbia siku utakapofunguliwa.

Mara nyingi baba na mama hawafuati njia moja. Baba amesema mbele ya watu, "Huyu si mutoto wangu tena." Mama anamupa franka kwa siri, kwa kuwa anaogopa atalala na njaa. Kijana anajua mambo yote mawili, na anapita katikati yao kama maji kati ya mawe. Basi neno la kwanza si kwa kijana, ni kwa ninyi wawili. Muketi peke yenu, mupatane mutampa nini na hamutampa nini, na kila mumoja ashike neno lile ingawa mwingine hayuko.

Shauri letu ni kumupa chakula, kitanda, sabuni, nguo, feza ya hopitali mukiilipa ninyi wenyewe kwa mukono wenu. Lakini franka mukononi hapana, hata kidogo, kwa maana kichupa cha kole kinanunuliwa kwa feza ndogo sana. Deni lake la kole musilipe. Akiuza sufuria ya mama yake, musinyamaze na musinunue nyingine kana kwamba haikupotea; mwambieni wazi kwamba munajua. Na baba anaweza kusema naye asubuhi, wakati kichwa chake kiko safi, kwa maneno machache: "Mwanangu, ndani ya nyumba hii kole haiingii. Ukija umevuta, utalala kwenye baraza, hatutakufukuza na hatutabishana nawe. Asubuhi chai yako iko." Kisha afanye hivyo hivyo. Siku ya kwanza kijana atajaribu kama neno lile ni la kweli. Siku ya kumi atajaribu tena.

Lakini kama anapiga watu, kama anashika kisu, walinzi wa kwanza ni kwa wale wadogo na kwa muke wake. Wahamishe kwa jamaa. Kumupenda yeye si kuwaacha wengine waumizwe.

Kisha umuulize, siku nyingine, si siku ile ya hasira: kole inakupa nini? Swali hili linawashangaza wazazi, lakini jibu lake ndilo njia. Mumoja atasema, inaniondolea njaa. Mwingine atasema, inanizuia kuota. Katika majimbo yetu ya mashariki kuna vijana walioona nyumba zikiungua na ndugu zao wakiuawa, na wengine walishikishwa bunduki wakiwa watoto. Usiku mambo yale yanarudi. Ukimutolea kole bila kumusaidia kwa ndoto zile, umemutolea ukuta pekee aliokuwa nao. Huyu anahitaji mutu aliyefundishwa kuponya mioyo iliyoumizwa. Ziko nyumba za kutunza wagonjwa wa akili za Ndugu wa Upendo, kama SOSAME ya Bukavu na Tulizo Letu ya Goma. Usione haya kuuliza njia ya kufika huko.

PAHALI PENGINE, KAZI NYINGINE

Kule Australia, mbali sana na sisi, kuna kijiji cha Yuendumu cha watu wanaoitwa Warlpiri. Vijana wao walikuwa wakivuta esanse hata wazee wakakata tamaa. Mwaka wa 1994 wazee wale, pamoja nao mama mumoja anayeitwa Peggy Nampijinpa Brown, walianza kuwachukua vijana wavutaji na kuwapeleka Mount Theo, pahali pa jamaa yao katika pori, karibu kilometa 160. Huko hakuna esanse ya kuvuta, na mutu hawezi kurudi kwa miguu. Vijana walikaa majuma mengi na wazee, walikula, walilala, waliwinda, walisikia habari za babu zao. Lakini wazee hawakuishia pale. Katika kijiji chenyewe walitengeneza michezo na kazi, ili kijana akirudi asikute tu barabara tupu na wenzake wa zamani. Nyuma ya miaka michache kuvuta esanse kukaisha Yuendumu. Serikali yao pia ilisaidia: toka mwaka wa 2005 ilileta katika vijiji vya namna ile esanse iliyotengenezwa ili isilevye. Sisi hatuna esanse ile. Kwetu inauzwa katika chupa kando ya barabara, na wale tunaowaita kadhafi, kwa hiyo kazi ya kuhama ni kubwa zaidi kwetu.

Jamaa nyingi za Kongo zinaweza kufanya jambo hili bila musaada wa mutu. Uko mujomba kijijini, iko shamba lake la mihogo, ziko ngombe za ndugu. Kijana akubali mwenyewe, asipelekwe usiku kama muzigo. Mujomba ajue ukweli wote mbele yake, usimudanganye kwa kusema kijana ana malaria. Akae miezi 3 kama inawezekana, tena zaidi. Na mbele ya kurudi kwake mujini, muwe mumekwisha kutafuta kazi atakayoanza juma lile lile.

Ni kazi gani? Isiwe katika garaji, wala ya kupaka rangi, wala ya kuuza esanse. Kama ni fundi wa viatu na hajui kazi nyingine, afanye kazi ya kushona kwa sindano na uzi, pahali penye upepo, na mwenzake ashike kazi ya kole kwa mbali. Bei ya kiatu cha kushona si mbaya, tena hakibanduki wakati wa mvua. Feza yake ya kwanza ilindwe na mutu anayemuamini yeye, si anayemuamini baba peke yake. Wengi wanaanguka siku ya mushahara.

Maana wengi wanaanguka. Tunawaambia wazi, ili siku ile musifikiri kwamba kazi yote imepotea. Aliyekaa miezi 4 bila kole, kisha akavuta siku moja, hajarudi mwanzo. Ubongo wake ulipumzika miezi 4, na pumziko lile halikuibiwa. Umuulize kwa upole: ilikuwa saa ngapi? Ulikuwa na nani? Ulikuwa na njaa? Mara nyingi mutakuta mulango ule ule, rafiki mumoja ama kona moja ya soko, ama siku ya matanga ya mutu. Mulango ukijulikana, unaweza kufungwa.

Mama anauliza, je, akili yake itarudi? Kule Australia waganga waliwapima wavuta esanse, kisha wakawapima tena nyuma ya miaka 2, na wakaandika habari mwaka wa 2005. Walioacha kabisa walikuwa wamepata nafuu kubwa, katika kutembea, katika kukumbuka, katika kufikiri, na wengi walikuwa kama watu wengine. Lakini waliougua sana hata kulazwa hopitali, wengine wao hawakurudi sawasawa. Esanse ya wakati ule ilikuwa na risasi, ambayo ni sumu nyingine juu ya sumu. Inchi ya mwisho kuuza esanse ya risasi kwa magari ilikuwa Algeria, mwaka wa 2021. Kwa hiyo jibu letu ni hili: hesabu kwa miaka, si kwa majuma, na fahamu kwamba pengine kitu kidogo kitabaki, mukono unaotetemeka ama neno linalosahauliwa. Kijana anayeweza kulima, kulea watoto wake na kucheka vizuri hahitaji kukumbuka kila jina.

UKIMULETA HOPITALI

Usimulete kwa uongo. Mwambie munakwenda wapi na kwa nini. Chagua asubuhi, mbele hajavuta. Aliye mutu mukubwa ataingia kwa munganga peke yake kama anataka, na mambo atakayosema hatutakuambia bila ruhusa yake. Usikasirike kwa hiyo, maana akijua siri yake inalindwa atasema mengi zaidi.

Tutapima damu na mukojo kwa ajili ya mafigo na potasiamu, tutasikiliza moyo, tutagonga magoti kwa nyundo ndogo, tutamuomba atembee juu ya mustari ulionyoka. Kama miguu ni zaifu, atafundishwa mazoezi ya kila siku, na utamusaidia kuyafanya nyumbani. Atarudi kwetu nyuma ya juma 1, tena nyuma ya mwezi 1, tena nyuma ya miezi 3, hata kama amevuta katikati. Asifiche kuja kwa sababu amevuta.

Na wewe muzazi, siku ya kwanza leta pia kopo ama chupa aliyokuwa akitumia, imefungwa vizuri ndani ya mufuko, na karatasi yake ya inje isitolewe. Pale imeandikwa iliyo ndani, na munganga akiisoma atajua kama ni mafigo atakayoyatazama zaidi ama ni miguu.